Vitamini baada ya jeraha la ubongo: mwongozo kwa anayeuguza nyumbani

Maswali ni yale yale. Mgonjwa ametoka hospitali, nyuzi za kichwani zimetolewa, na wiki mbili hazijaisha, tayari mezani zimejaa chupa: moja ya kumbukumbu, moja ya neva, moja ya mafuta ya samaki, na multivitamini iliyoletwa na shemeji. Apewe zote? Kiasi gani? Mpaka lini? Zitamrudishia akili zake?

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalomaliza fedha. Mpaka sasa hakuna vitamini iliyothibitishwa kuponya ubongo ulioumia. Kazi ya vitamini ni kuziba pengo. Mtu aliyeumia kichwa na wakati huohuo ana upungufu wa B12 anabeba mizigo miwili ya usahaulifu, na mmoja unatulika kwa kidonge. Asiye na pengo hapati cha ziada. Si kwamba watu hawajajaribu: sitikolini, inayouzwa kama kirutubisho cha kumbukumbu, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,213 wa jeraha la ubongo. Dozi ilikuwa 2,000 mg kila siku kwa siku 90. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2012, waliopewa sitikolini hawakuwa wamewapita waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa.

Kwa hiyo kazi yako ni kujua kinachopungua, kukijaza, na kuhakikisha chupa hizo haziharibu dawa za hospitali. Hilo la tatu ndilo linalowaponyoka wengi, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

Dozi zinazotajwa hapa ni za mtu mzima. Mtoto, mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo au ini wana vipimo vyao. Kwao usianze chochote bila daktari.

Viweke hivi mezani kwanza

- Karatasi ya kutoka hospitali yenye majina ya dawa na dozi zake. Kama haipo, piga picha maboksi yote ya dawa, upande wa jina na upande wa dozi.
- Kila chupa ya vitamini, madini, mafuta na dawa za mitishamba iliyomo nyumbani, hata ile ambayo "anakunywa mara mojamoja tu".
- Majibu ya vipimo vya damu vya karibuni.
- Daftari moja. Si karatasi tatu na ujumbe wa simu, daftari moja.
- Kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba, kila siku ikiwa na chumba cha asubuhi na cha jioni.
- Mizani ya kupimia uzito wa mwili.
- Namba ya simu ya mfamasia ambaye atakubali kuulizwa.
- Kama mgonjwa analishwa kwa mpira: bomba la sindano la 60 ml, kinu kidogo safi, na maji safi ya uvuguvugu.

Hatua ya 1. Hakikisha hili si jambo la hospitali

Usihangaike na vitamini kama mgonjwa ana lolote kati ya haya: kichwa kinachouma na kuzidi siku hadi siku, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito asioamka vizuri, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, udhaifu mpya wa upande mmoja, kifafa, maji mepesi yanayotoka puani au sikioni, au homa yenye shingo ngumu. Hayo ni ya kwenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Kuna jingine ambalo watu huliona na kulipuuza. Mgonjwa aliyekuwa mlevi, au aliyekaa wiki kadhaa akitapika na bila kula, kisha macho yakaanza kuchezacheza, miguu ikayumba na akili ikavurugika ghafla, huenda ameishiwa vitamini B1. Hapo kidonge hakitoshi; anahitaji sindano, na kila siku inayopita ina gharama yake kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 2. Panga dawa za hospitali upande mmoja na ugomvi wao upande wa pili

Fungua ukurasa, chora mstari katikati. Kushoto andika dawa, kulia andika kinachogombana nayo. Zinazokutana sana na wagonjwa wa kichwa ni hizi:

*Fenitoini.* Hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu nafasi kati ya dozi inayozuia kifafa na dozi inayomlewesha mgonjwa ni nyembamba. Asidi ya foliki huishusha kwenye damu. B6 ya dozi kubwa huishusha pia. Fenitoini ikishuka, kifafa hurudi. Na kinyume chake kipo: mgonjwa aliyezoea foliki kwa miezi, ukiikata ghafla, fenitoini inaweza kupanda, akaanza kuyumba na kuona viwili viwili. Kalsiamu na dawa za kupunguza asidi ya tumbo huizuia isifyonzwe, kwa hiyo zitenganishe kwa angalau saa 2.

*Fenobabitali na kabamazepini.* Nazo ni dawa za kifafa. Hizi, pamoja na fenitoini, huharakisha ini kuivunja vitamini D. Anayezitumia kwa muda mrefu ni wa kupimwa D bila kubahatisha. Fenobabitali nayo hushushwa na B6 nyingi.

*Levetirasetamu.* Ni dawa ya kifafa pia. Haina ugomvi mkubwa na vitamini. Ila huwafanya baadhi ya watu wawe na hasira za haraka, na familia hudhani ni ubongo au ni upungufu wa vitamini. Mwambie daktari, usilitibu kwa chupa.

*Wafarini.* Hii huzuia damu kuganda. Vitamini K hupunguza nguvu yake, na multivitamini nyingi zina K ndani. Vitamini E ya dozi kubwa huvuta upande wa pili na kuongeza uwezekano wa kuvuja damu. Kwa mtu ambaye tayari ameshavuja damu kichwani, hili halina mzaha.

*Metfomini na omeprazoli.* Ya kwanza ni ya kisukari, ya pili ni ya kupunguza asidi ya tumbo. Zikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza ufyonzaji wa B12.

*Levothiroksini.* Ni homoni ya thairoidi. Iache saa 4 mbali na madini ya chuma na kalsiamu.

*Siprofloksasini.* Ni antibiotiki. Madini ya chuma, zinki, magnesiamu na kalsiamu huishika tumboni isiingie mwilini. Imezwe saa 2 kabla ya madini hayo, au saa 6 baada yake.

Dawa usiyoiona hapa haimaanishi iko salama. Mpigie mfamasia, msomee ukurasa wote, si dawa mojamoja.

Hatua ya 3. Jumlisha chupa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanaruka. Chukua kila chupa, geuza upande wenye jedwali, na uanze na mstari wa juu unaosema dozi moja ni vidonge vingapi. Chupa inaweza kuandika 2,000 IU (kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kwa herufi kubwa mbele, kumbe ni kwa vidonge viwili. Kisha andika kila vitamini na kiasi chake kwa siku.

Angalia kizio. Mikrogramu 1,000 (mcg) ni miligramu 1 (mg). Anayesoma mcg kama mg amekosea mara elfu. Kwa vitamini D, mcg 1 ni IU 40.

Mfano wa jedwali la mgonjwa mmoja, kwa vitamini D peke yake:

- Multivitamini: 800 IU
- Kidonge cha mifupa chenye kalsiamu: 1,000 IU
- Kapsuli ya D: 2,000 IU
- Lishe ya maji ya kopo: 400 IU

Jumla 4,200 IU. Kikomo cha mtu mzima asiye chini ya usimamizi wa daktari ni 4,000 IU kwa siku, na mahitaji ya kawaida ni 600, au 800 kwa aliyepita miaka 70. Hakuna chupa hata moja iliyokosea. Zimekosea zikiwa pamoja.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa B6, na usishangae ukipata tarakimu za ajabu. Mahitaji ya mtu mzima ni kama 1.3 hadi 1.7 mg kwa siku. Baadhi ya vidonge vya mchanganyiko wa B vinavyouzwa kwa ajili ya neva vina 100 au 200 mg za B6 katika kidonge kimoja. Mtu akiambiwa "asubuhi, mchana, jioni", anafikisha 600. Kikomo cha Marekani ni 100 mg kwa siku. Wa Ulaya walishusha chao hadi 12 mg mwaka 2023. Ukizidisha B6 kwa miezi, neva zenyewe huharibika: ganzi inaanzia vidoleni, miguu inapoteza hisia ya sakafu, mwendo unayumba. Mgonjwa wa kichwa akianza kuyumba, kila mtu anasema ni lile jeraha. Kisha anaongezewa kidonge cha neva.

Vingine vya kukagua kwenye jumla yako:

- Vitamini A ya aina ya retinoli: kikomo 3,000 mcg, yaani 10,000 IU. Ikizidi inaweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu na kuleta maumivu ya kichwa na ukungu wa macho, yaani dalili zilezile unazozihofia. Chunguza hasa mafuta ya ini la samaki. Mafuta ya samaki na mafuta ya *ini* la samaki si kitu kimoja. Haya ya ini yana A na D nyingi.
- Asidi ya foliki: kikomo 1,000 mcg. Ikitumiwa peke yake kwa mwenye upungufu wa B12, damu inaonekana imepona huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya.
- Zinki: kikomo 40 mg. Ikizidi kwa muda mrefu humaliza shaba mwilini, na upungufu wa shaba nao huleta ganzi na kuyumba.
- Magnesiamu kutoka kwenye vidonge: 350 mg.
- Vitamini C: 2,000 mg. Zaidi ya hapo ni kuharisha, na kwa wengine mawe ya figo.
- Vitamini E: kikomo kilichowekwa ni 1,000 mg, lakini kwa aliyevuja damu kichwani usiguse dozi kubwa bila ruhusa ya daktari wake.

Chupa zisizo na jedwali, au zinazoandika "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kila kimoja ni kiasi gani, ziondoe mezani. Huwezi kujumlisha kisichoandikwa. Ginkgo, mmea unaouzwa kama dawa ya kumbukumbu, nayo iondoe: inahusishwa na kuvuja damu na kifafa, na mgonjwa wako yuko kwenye hatari ya yote mawili.

Hatua ya 4. Pima kabla ya kujaza

Omba vipimo hivi. Si lazima vyote siku moja:

- Vitamini D, kipimo kinachoitwa 25-hidroksi. Chini ya 20 ng/ml ni upungufu. Maabara nyingine hutumia nmol/l, ambapo mpaka huohuo ni 50. Mtu akikuambia "amepata 45", usifurahi wala usihuzunike kabla hujaona kizio.
- B12. Chini ya 200 pg/ml ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka. Hapo daktari anaweza kuongeza kipimo cha asidi ya methilimaloniki.
- Foliki, wingi wa damu, na akiba ya chuma.
- Sodiamu, kalsiamu na utendaji wa figo.
- Homoni za thairoidi na kotisoli ya asubuhi, kama uchovu hauishi.

Hicho cha mwisho kina sababu. Jeraha la kichwa linaweza kuiathiri tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoongoza homoni, mwili ukazikosa. Mgonjwa anakuwa mchovu, baridi inamsumbua, hamu ya chakula imekwenda. Familia inanunua vitamini za nguvu, wakati anahitaji homoni.

Na kuna mtego humohumo. Vidonge vya nywele na kucha vina biotini, mara nyingi 5,000 hadi 10,000 mcg, wakati mwili unatosheka na 30. Biotini nyingi huvuruga mashine za baadhi ya maabara: kipimo cha thairoidi kinaweza kuonekana kimepanda kwa uongo, na kotisoli iliyo chini ikaonekana iko sawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Iache siku kadhaa kabla ya kutolewa damu, na umwambie anayechukua damu kwamba ilikuwa inatumika na ni kiasi gani.

Hatua ya 5. Chakula kitangulie

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla hajala. Ukipungua wiki mbili mfululizo, tatizo ni chakula na si vitamini, na hakuna kapsuli itakayoziba. Mwili unaopona jeraha kubwa la kichwa hula nishati na protini nyingi kuliko unavyotarajia. Wengi pia wamepoteza uwezo wa kunusa, hivyo chakula hakina ladha na sahani inarudi nusu. Mpe kidogo mara 5 au 6 kwa siku, chenye mayai, samaki, maziwa au kunde, na msimamie mpaka amalize. Asiyenusa hawezi kugundua kilichochacha, kwa hiyo pua iwe yako.

Hatua ya 6. Anza na kimoja

Majibu yakishatoka, daktari ataandika dozi. Kwa kawaida inakuwa hivi:

*B12 pungufu:* vidonge vya 1,000 mcg kila siku, au sindano kama neva zimeshaguswa au tumbo halifyonzi. Damu huanza kurekebika ndani ya wiki chache. Ganzi huchukua miezi, na nyingine haiondoki yote.

*D pungufu:* ama dozi ndogo ya kila siku, ama kapsuli kubwa ya 50,000 IU. Hiyo kubwa ni ya *mara moja kwa wiki*. Rudia kumsomea mgonjwa na kila anayekusaidia. Kosa la kuimeza kila siku ni la kawaida, na kwa mtu asiyekumbuka alichokula asubuhi ni rahisi mno kutokea. Zifungie mbali na dawa nyingine, utoe moja siku yake ikifika. D humezwa pamoja na mlo wenye mafuta kidogo. Tumboni patupu ufyonzaji wake hupungua.

*Chuma pungufu:* kipewe kwa majibu ya damu tu.

*Majibu yote sawa, ila hali chakula vizuri:* multivitamini moja ya kawaida, ambayo jedwali lake liko karibu na asilimia 100 ya mahitaji ya siku. Asilimia 3,000 si ubora.

*Majibu sawa na anakula vizuri:* hahitaji kitu. Jibu hili huwakera watu kuliko lolote, lakini ndilo.

Ongeza kimoja, subiri siku 14, ndipo uongeze kingine. Ukianza vitatu kwa pamoja na tumbo likaharibika, hutajua umtoe nani. Andika daftarini tarehe ya kuanza, jina, dozi, na saa.

Hatua ya 7. Hakikisha kinafika tumboni

Kabla ya kidonge cha kwanza, tazama anavyomeza. Akikohoa akinywa maji, sauti ikiwa kama ina maji kooni baada ya kunywa, au chakula kikibaki shavuni, simama. Anahitaji mtaalamu wa kumeza, na mpaka hapo kila kidonge ni hatari ya kuingia mapafuni.

Mambo ya kuzingatia kwa anayemeza kwa mdomo: akae wima, kidevu kiinamishwe kidogo kama alivyoelekezwa, kidonge kimoja kwa wakati, na abaki wima nusu saa. Aliyeagizwa maji mazito asipewe vitamini ya maji mepesi kama ilivyo. Izidishwe uzito kama vinywaji vyake vingine. Vitamini laini za kutafuna, zile kama peremende, hunata kooni. Na vile vinavyochemka kwenye maji mara nyingi vina chumvi ya sodiamu nyingi. Kwa mwenye shinikizo la damu au anayefuatiliwa sodiamu, uliza kwanza.

Anayelishwa kwa mpira, fuata hivi:

1. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Simamisha lishe.
2. Pitisha 30 ml za maji.
3. Saga kidonge kiwe unga mlaini kabisa, changanya na 15 hadi 30 ml za maji ya uvuguvugu, koroga mpaka usione chembe.
4. Pitisha polepole. Usisukume kwa nguvu.
5. Kama kuna dawa ya pili, pitisha 15 ml za maji kwanza. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja.
6. Malizia na 30 ml za maji.

Usisage kidonge kinachotoa dawa polepole wala chenye ganda la kulinda dhidi ya asidi ya tumbo. Mafuta ya kapsuli huganda kwenye kuta za mpira. Omba aina ya matone. Kwa aliyezuiliwa maji, hesabu kila ml uliyopitisha. Fenitoini haifyonzwi vizuri ikikutana na lishe ya mpira, kwa hiyo muda wa kusimamisha lishe kabla na baada yake upangiwe na daktari. Na kumbuka lishe ya kopo tayari ina vitamini zake. Mgonjwa anayepata lita 1 hadi 1.5 kwa siku huwa ameshapata mahitaji ya siku.

Hatua ya 8. Mtu mmoja, kisanduku kimoja

Mgonjwa mwenye tatizo la kumbukumbu asiachiwe chupa. Chagua mtu mmoja wa kujaza kisanduku, siku moja ya wiki, bila televisheni. Chupa zirudi kabatini zikiwa zimefungwa, hasa zenye chuma kama kuna watoto nyumbani, kwa sababu chuma kikizidi humuua mtoto.

Weka kengele ya simu. Kengele ikilia, tazama chumba cha kisanduku: kama ni kitupu, ameshameza, hata akiapa kwamba hajameza. Weka alama daftarini *baada* ya kumeza, si wakati wa kutoa kidonge.

Hatua ya 9. Pima tena, kisha punguza

Vitamini D ipimwe tena baada ya miezi 3. B12 na damu kwa tarehe aliyopanga daktari. Pengo likishazibwa, uliza: dozi ishuke, iendelee au iachwe? Kilichoanza bila tarehe ya kuisha ndicho kinachokuja kukutwa mezani miaka miwili baadaye, hakuna anayejua kwa nini.

Kama anarudi kwa upasuaji, kwa mfano kurudishiwa mfupa wa fuvu, mpelekee daktari wa upasuaji daftari zima mapema. Vitamini E, mafuta ya samaki na mitishamba huachishwa kabla, na siku ngapi kabla atasema yeye.

Kinachoharibika na la kufanya

*Mkojo umekuwa njano kali.* Ni B2. Hauna madhara.

*Kinyesi cheusi.* Kama ameanza chuma, hutarajiwa. Kama hatumii chuma, au kinyesi kinanata kama lami na kinanuka vibaya, nenda hospitali. Inaweza kuwa damu.

*Uso na kifua vinawaka na kuwasha.* Niasini ya dozi kubwa. Tazama jedwali, iache, umwarifu mfamasia.

*Kichefuchefu dakika chache baada ya kumeza.* Mara nyingi ni zinki au chuma kwenye tumbo tupu. Hamishia kwenye mlo. Akitapika na kichwa kikiuma, rudi Hatua ya 1.

*Anaharisha.* Magnesiamu au vitamini C ndio washukiwa wa kwanza. Ondoa, subiri siku 3.

*Kiu isiyoisha, anakojoa sana, amefunga choo, anachanganyikiwa.* Huenda D imezidi na kalsiamu imepanda. Simamisha D na vidonge vya kalsiamu, akapimwe kalsiamu leo. Lakini kiu na mkojo mwingi baada ya jeraha la kichwa vinaweza pia kutoka kwenye pituitari, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri zitulie.

*Ganzi mpya vidoleni.* Rudi kwenye jumla ya B6 na zinki. Peleka jumla hiyo kliniki, pamoja na ombi la kupima B12.

*Kifafa kimerudi baada ya kuanza kidonge kipya.* Hospitali kwanza. Beba chupa yenyewe, si jina lake. Waambie tarehe ya kuanza, waombe kupima kiwango cha dawa ya kifafa. Usimwachishe dawa ya kifafa wewe mwenyewe, wala usimwongezee.

*Hujui kama ameshameza.* Usirudie. Vitamini iliyokosekana siku moja haina athari. Kwa dawa ya kifafa au ya kuzuia damu kuganda, piga simu uulize kabla ya kurudia.

*Mpira umeziba.* Jaribu maji ya uvuguvugu kwa bomba la 60 ml, vuta na sukuma taratibu kwa dakika chache. Bomba dogo lina shinikizo kubwa, linaweza kupasua mpira. Usitumie waya wala soda. Usipofunguka, arudishwe kliniki.

*Anakataa vidonge.* Usifiche ndani ya chakula bila kumuuliza daktari. Akigundua, atakataa na chakula. Anza kwa kupunguza idadi. Mara nyingi kati ya vidonge sita anavyokataa, vinne havikuwa na sababu ya kuwepo.

*Miezi 3 imepita, vipimo vimekuwa sawa, na yeye hajabadilika.* Basi pengo halikuwa kikwazo chake. Usiongeze chupa. Uliza kuhusu usingizi, sonona, maumivu, dawa zinazomlevya, homoni, na kama anapata mazoezi ya tiba ya viungo na ya usemi mara ngapi kwa wiki.